Mkwe Aliyeajiriwa Kuwa Kufuli

Kahama ina walinzi wa kila namna: wenye rungu, wenye mbwa, wenye bunduki ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia zikilia. Lakini mtu kuajiriwa kuwa kufuli, hilo lilianza na Paskazia, mjane wa Mayala, muuza chai na chapati wa Nyasubi, siku Nestory mwenye karakana alipomwita ndani na kumwonyesha kiti cha plastiki.

“Kazi yako ni kukaa hapo,” Nestory alimwambia.

“Nikae nifanye nini?”

“Ukae tu, Mama Nelly. Mengine mila itafanya yenyewe.”

Nestory alikuwa Msumbwa wa Ushirombo. Ujanani alisomea upadre kidogo akaacha, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, Mungu alimwambia aende akakereze vyuma. Mungu hakuwahi kuitwa kutoa ushahidi. Karakana yake ilitengeneza shafti na pulei za makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu za wachimbaji wadogo, na mambo yalipomnyookea akaagiza mashine ya CNC ya mtumba, ile ya kukereza chuma inayoongozwa na kompyuta. Ilikaa Isaka kwenye bandari kavu mpaka Nestory akaanza kuiota. Ilipofika Nyasubi ilipokelewa kwa sala, soda na maji ya baraka, ingawa fundi umeme aliomba maji yasimwagwe karibu na paneli.

Aliyekabidhiwa mashine hiyo ni Masele. Fundi alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Alisomea chuo cha ufundi, na mkono wake ulikuwa na baraka. Ila alikuwa na ugonjwa wa haraka. Kwenye paneli kulikuwa na kirungu cha kuongeza mwendo, na Masele alikiona kile kirungu jinsi mlevi anavyoiona chupa iliyobaki nusu. Programu ikisema taratibu, yeye anapandisha. Siku moja kisu cha mashine kilikatika, kipande kikatoboa bati, kikavuka ukuta na kumpata bata wa jirani. Yule bata alikufa kifo ambacho hakuna bata mwingine wa Kahama amewahi kufa.

Nestory akaweka paswedi, ili mtu asiguse chochote ila kuwasha. Ya kwanza ilikuwa jina la mtakatifu wa parokia yake. Masele aliipata kabla chai haijapoa. Ya pili ilikuwa mtakatifu mwingine. Masele akawapitia watakatifu wote kwa utulivu wa mtu anayesali litania, na Nestory alipokasirika akaandika Yuda, Masele aliijaribu hiyo mwanzo kabisa, kwa sababu alimjua bosi wake.

Basi akaitwa Marselino, welda, ajenge kizimba cha nondo na wavu juu ya paneli. Marselino alikuwa mtu wa kufanya kazi kwa moyo wote na kwa akili kiasi. Alifunika paneli nzima, kirungu, skrini na vitufe vyote, pamoja na kile kikubwa chekundu cha kusimamisha mashine panapotokea balaa. Akaacha tundu moja la kidole, kwa kitufe cha kijani cha kuwashia.

“Na kile chekundu tutakibonyezaje?” Nestory aliuliza.

“Bosi, hii mashine ina akili. Ikimaliza inasimama yenyewe.”

Jibu lilimridhisha Nestory, akafunga kufuli. Masele akalifungua kwa spoku ya baiskeli.

Wokovu ulikuja kwa mguu, ukiwa umebeba chupa ya chai. Nestory alikuwa amesimama mlangoni na huzuni zake alipomwona Masele akitoka nje na kipande cha shafti begani, akifoka na kucheka na wenzake. Papo hapo Paskazia akajitokeza kwenye kona na biashara yake. Masele alitupa shafti chini, akaruka mtaro, akajificha nyuma ya pipa la vyuma chakavu, mgongo nje, uso ukutani, mpaka mama yule alipopita. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amemwoa Nelly, binti wa Paskazia. Na kwa Wasukuma wa koo hizo mbili, mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe wake, hamtazami usoni, hasemi naye, hapiti mahali ambapo nguo zao zinaweza kugusana. Mama mkwe naye vivyo hivyo. Masele, ambaye hakumwogopa Mungu wala umeme wa njia tatu, alimwogopa muuza chapati.

Nestory alisimama pale akitabasamu peke yake mpaka watu wakadhani amepata tenda ya serikali.

Paskazia angekataa. Kukaa siku nzima kwenye chumba kimoja na mkwe ni jambo la kumfanya mtu atamani ardhi ipasuke. Alimwambia Nestory atafikiri, akarudi nyumbani kumsimulia Nelly ili wacheke wote. Nelly hakucheka. Alikuwa akichambua mchele, akaendelea kuchambua.

“Kakae, mama,” alisema.

“Nikakae? Nimkodolee mumeo macho?”

“Mimi namwambia kila siku apunguze haraka. Ananiita mwoga. Mama, mimi sitaki kumfunga mtu vifungo vya shati.”

Marehemu Mayala aliacha vidole vyake kwenye karasha huko upande wa Bulyanhulu, mkono wa kulia, vyote isipokuwa gumba. Alikuwa mtu wa kuimba. Baada ya hapo hakuimba tena. Kila asubuhi Paskazia alimfunga vifungo, na kila asubuhi Mayala alimtukana kwa kumfunga, kisha akamtukana kwa kuchelewa kumfunga. Nelly alikulia katikati ya matusi hayo. Watu walipokuja kumzika Mayala walisema alikuwa mpole sana, na Paskazia akaitikia, kwa sababu alikuwa hivyo kweli, zamani.

Kesho yake alikwenda akakaa kwenye kiti.

Lazima isemwe kwamba kama kufuli, Paskazia alikuwa bora kuliko lolote lililowahi kuuzwa Kahama. Kiti chake kiliwekwa mbele ya kizimba, upande wa mlango wake, na ufunguo ulifungwa mafundo mawili kwenye pindo la khanga. Ili Masele afikie kufuli ingempasa asugue magoti ya mama mkwe wake, na afadhali angemeza kufuli lenyewe. Kitufe cha kijani alikifikia kutoka ubavuni, mkono umenyooka, uso umegeukia dirishani. Wenzake walikufa kwa vicheko. Wachimbaji waliokuja kuchukua shafti walikaa zaidi ya lazima ili waone mtu akiwasha mashine bila kuitazama. Visu havikukatika tena. Bata wa jirani waliongezeka. Nestory alijisifu mpaka kwenye jumuiya, akisema wazungu wamehangaika na paswedi miaka yote na dawa ilikuwa Usukumani.

Masele alikondeana kwa aibu. Aliamini mama mkwe amekubali kazi ile ili kumdhalilisha, na kwamba kila jioni mama na binti wanamcheka. Hakumuuliza mkewe, maana jibu aliliogopa.

Sasa, kufuli hili lilikuwa na kasoro moja ambayo Nestory hakuipigia hesabu. Lilikuwa na macho, lakini halikuwa na ruhusa ya kufungua mdomo. Kama kuna jambo la lazima, mkwe huambiwa kupitia mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Abel, mpakiaji wa vyuma, kijana mnene, mpenda amani, asiyetaka neno baya lipite kinywani mwake kwenda kwa mtu yeyote.

Paskazia aliona mapema kwamba Masele ana ujanja mwingine. Mlango wa mashine ulikuwa na swichi. Ukiwa wazi, mashine haizunguki. Masele alikuwa ameifunga ile swichi kwa waya, mashine ikaamini mlango umefungwa wakati uko wazi kama wa baa. Kwa nini? Kwa sababu hatua ya mwisho ya kila shafti ilikuwa kuzunguka polepole tu, na Masele alipenda kuingiza mkono na kipande cha msasa kuing’arisha ikiwa bado inazunguka, badala ya kuitoa kwanza. Tena kwa glovu.

“Abel,” Paskazia aliita siku ya kwanza alipoliona hilo, “mwambie huyo bwana chuma kinachozunguka hakishikwi kwa glovu. Mwambie marehemu Mayala naye alikuwa na glovu. Mwambie kama ana akili kichwani atoe mkono humo.”

Abel alifikiri. Akazunguka mashine, akamwinamia Masele sikioni kwa sababu ya kelele.

“Mama anakupa pole na kazi,” alisema.

Masele akaguswa. “Mwambie nashukuru sana.”

Abel akarudi. “Amesikia, mayu,” alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. “Anashukuru sana.”

Paskazia alitazama mkono ukiendelea kubaki mlemle ndani ya mashine, akashangaa mtu gani anashukuru na kutofanya. Kesho yake akatuma tena, kwa ukali zaidi. Abel akapeleka pole kubwa zaidi. Ikawa hivyo siku zote: huku ukitoka moto, kule unafika uji. Paskazia akahitimisha kwamba mkwe wake ana kiburi cha shetani, na Masele akahitimisha kwamba mama mkwe wake, pamoja na udhalilishaji wote, ana adabu.

Siku yenyewe Abel alitoka kwenda kutafuta mihogo. Ilikuwa asubuhi, jua limeshaingia mlangoni, redio ikipiga kwaya. Masele alimaliza kukereza shafti ndefu, akaacha izunguke, akachukua msasa. Paskazia, kwenye kiti chake, aliona uzi umechomoza kwenye ncha ya glovu. Uzi mrefu. Ulikuwa ukicheza juu ya chuma.

Akamtafuta Abel kwa macho. Hakuna Abel. Akamtafuta mtu yeyote. Wote walikuwa upande wa pili, Marselino ndani ya kofia yake ya kuchomelea, wengine wakibishana mpira. Kando yake palikuwa na ufagio.

“Wewe ufagio,” alisema kwa sauti, “mwambie mtu atoe mkono.”

Ufagio haukusema kitu. Masele alisikia, maskini, akadhani mama anaongea na ufagio kuhusu uchafu, na kwa heshima akazidi kugeuza uso pembeni, mbali na kazi iliyokuwa mbele yake.

Uzi ukashika. Glovu ikavutwa, na mkono ukafuata glovu. Masele akapiga ukelele mmoja, “Mayu!”, kisha mkono wa ovaroli ukaanza kujizungusha kwenye shafti kama nguo inayokamuliwa, na yeye akivutwa nao, vidole hadi kiwiko.

Ufunguo ulikuwa ndani ya mafundo mawili. Kitufe chekundu kilikuwa ndani ya wavu wa Marselino, kinaonekana vizuri sana. Paskazia hakufikiri juu ya fundo wala wavu. Alisimama, akapiga hatua, akamkumbatia mkwe wake kiunoni kwa nyuma, akaweka mguu kwenye mashine, akavuta.

Watu wakageuka kwa ule ukelele. Na hapa ndipo karakana nzima ilipofanya kosa ambalo lisingefanyika mahali pengine duniani. Walimwona mama mkwe amemkumbatia mkwe wake, nguo kwa nguo, shavu kwenye mgongo. Wanaume wazima wa Kisukuma wanane wakafunika nyuso zao. Mmoja alipiga magoti. Marselino, aliyekuwa ameinua kofia ya kuchomelea, akaishusha tena. Swichi kuu ilikuwa ukutani, kila mmoja wao angeifikia kwa hatua chache, lakini nani atatembea na macho amefumba?

Aliyeizima ni Goodness, karani, binti wa Moshi, ambaye hakuwa na mkwe Kahama wala haya. Alitoka ofisini kuuliza nani anapiga kelele, akatazama, akapita katikati ya wale waliofunika nyuso na kuivuta swichi chini kwa mikono miwili. Wakati huohuo zipu ya ovaroli ilishindwa. Glovu ikachanika, ovaroli ikamtoka Masele mwilini yote mpaka kwenye viatu, na yeye na mama mkwe wake wakaanguka kinyumenyume juu ya kiti cha plastiki, kikavunjika.

Ovaroli ilining’inia kwenye shafti. Masele alikuwa amelala juu ya mama mkwe wake akiwa na bukta tu, tena ya njano na kijani, yeye aliyekuwa akiapa kila wiki kwamba ni Simba damu. Waliokuwa wakichungulia katikati ya vidole waliliona hilo, na hawakulisahau.

Masele aligeuza shingo. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimtazama mama mkwe wake usoni, umbali wa pumzi moja.

“Shikamoo, mama,” alisema.

“Marahaba,” Paskazia akajibu. Akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku. Ngozi ilikuwa imechubuka mpaka kwenye kiwiko na kifundo cha mkono kimevimba. Vidole vilikuwepo, vyote. Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, mbele ya watu, na hakujali.

Wazee wa pande zote mbili walikaa Jumamosi. Mambo kama hayo hayaachwi hewani. Marcel, mjomba wa Masele, alishikilia kwamba mama mkwe ndiye aliyemvua mkwe nguo, kwa hiyo alipe mbuzi. Kaka yake Paskazia akasema mkwe ndiye aliyemlalia mama mkwe, kwa hiyo mbuzi atoke kwa Masele. Wakavutana mpaka ikaamuliwa kwamba mbuzi ni mmoja, pande zote zimchangie, na wazee wamle, ili aibu iishe na wawili hao waruhusiwe kusemezana kama watu. Haki ilitendeka, hasa kwenye maini.

“Mimi mama sina ubaya naye,” Masele alisema alipopewa nafasi, mkono umefungwa bandeji. “Hata pale kazini alikuwa ananipa pole kila siku.”

Paskazia akainua kichwa. “Pole gani?”

“Zile ulizokuwa unamtuma Abel.”

Watu wote walimtazama Abel. Abel alikumbuka ghafla kwamba nyama inahitaji kugeuzwa, akatoka.

Basi Paskazia akasema. Alianza na glovu, akaja kwenye waya wa mlangoni, akapita kwa Mayala na karasha na zile asubuhi zao za matusi. Hakuficha kitu, hata mbele ya wakwe. Masele alisikiliza ameinamisha kichwa. Paskazia alipofika mwisho alisema, “Wewe ulidhani Nestory ndiye aliyeniweka pale. Nestory alileta kiti tu. Aliyeniweka ni mkeo.”

Nelly alikuwa jikoni. Masele aliinuka, akaenda huko jikoni, na walikaa muda mrefu hivi kwamba wazee walijipakulia wenyewe.

Jumatatu Marselino alikata kipande cha kizimba kwa grenda, uso umemshuka. Kitufe chekundu kikabaki wazi, mtu yeyote akifikie, hata Goodness. Swichi ya mlango ikafunguliwa waya, Masele mwenyewe akiukata kwa mkono wa kushoto. Kilichobaki kimefungwa ni kirungu na programu, na Nestory alikuwa ofisini amejishika kichwa, akitafuta paswedi mpya, akijua wazi kwamba kufuli lake limekufa. Mkwe aliyekwisha kulaliwa hazuii mtu tena.

Paskazia alikuja kuchukua chupa yake ya chai aliyoisahau. Alikuta kiti kipya pale mbele ya mashine, cha mbao, chenye mto. Masele alikuwa amesimama kando yake, anamtazama usoni, anatokwa jasho kwa kutozoea.

“Mama,” alisema, “kaa. Ufunguo sitautafuta. Ila ukiona ninakosea, usinitumie mtu. Nipigie kelele mwenyewe.”

Nyuma yake karakana yote ilikuwa imeacha kazi. Abel alikuwa amefungua mdomo ili asaidie, akaufunga.

Paskazia alikaa. Akajaribu mto, akaona unafaa. Akamtazama mkwe wake kuanzia viatuni, akapanda taratibu, ovaroli mpya, mikono imekunjwa vizuri, hakuna glovu, mpaka akafika kwenye vidole.

“Vua hiyo pete,” alisema.

Masele akaangalia mkono wake. “Hii ni ya Nelly, mama. Ya kanisani.”

“Najua ni ya nani. Shafti haijui. Vua.”

Pete ilikuwa imebana, akaigeuza na kuigeuza mpaka ikatoka. Akapiga hatua mbele, akaiweka kwenye kiganja cha mama mkwe wake, kisha akaenda kuwasha mashine.